Profesa wa Stoo ya Pamba

Sisi tulimwita Profesa, na yeye akaitika. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililotukosanisha mimi na yeye, hata siku moja nikamtolea maneno mbele za watu ambayo mama yangu alipoyasikia alininunia siku mbili. Sasa mimi mwenyewe nimezeeka, hasira imepungua, si yote, na naweza kumweleza mtu yule bila kupandisha sauti.

Chuo kikuu kilikuwa na taasisi yake ya masomo ya binadamu, yaani historia, lugha, sheria, dini, ushairi na mambo mengine ya kufikirisha. Miaka ile michache baada ya uhuru wakubwa wake waliamua elimu hiyo isifungiwe mjini. Wakawa wanatuma wahadhiri mikoani kuzungumza na yeyote mwenye masikio, bure. Kwetu mpakani walikuja Busia siku ya Jumamosi na Malaba siku ya Jumatano. Profesa ndiye aliyeyatengeneza hayo yote. Alitafuta ukumbi, alipokea wageni, alitafsiri Kiingereza chao, na mvua ikiwazuia njiani alizungumza mwenyewe.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Bukhayo, mwalimu wa daraja la chini kabisa, kwa sababu baba alifariki nikiwa kidato cha pili na masomo yakaishia hapo. Nilikuwa na miaka ishirini na saba na jambo moja tu kichwani: kuingia chuo kikuu. Mlango ulikuwepo kwa watu wazima kama mimi. Unajaza fomu, mhadhiri aliyekufundisha anaitia sahihi, unaitwa kwenye mtihani, ukipita unaingia. Na mhadhiri niliyemjua mimi alikuwa mmoja.

Kwa kumtazama hungesema ni msomi. Alikuwa mfupi, wa makamo, mwenye miguu mipana, na koti la sufu alilolivaa jua liwake lisiwake. Alikuja kwa baiskeli, na vile vibanio alivyofungia suruali isinaswe na mnyororo alivisahau miguuni siku nzima, kwa hivyo alisimama mbele ya wageni wa chuo kikuu suruali imembana vifundoni na yeye hana habari. Nyuma ya baiskeli alibeba ubao wake, kitambaa kizito kilichopakwa rangi nyeusi, amekiviringisha kama mkeka. Akifika alikitundika ukutani, akachukua ufagio, akafagia stoo yote peke yake. Tulipojaribu kumnyang'anya ufagio alikasirika kwelikweli. "Mwachie mtu kazi yake," alisema, na sisi tukaona huo ni unyenyekevu wa watu waliosoma sana. Kumbe!

Stoo yenyewe ilikuwa ya chama cha wakulima wa pamba, si mbali na kizuizi cha forodha. Msimu wa pamba magunia yalijaa hadi darini, nasi tulipanda juu yake tukakaa, wanawake upande huu, wanaume upande ule, na vinyuzi vya pamba vikatushukia vichwani mpaka tukatoka sote tumeota mvi. Mhadhiri mmoja wa dini alipiga chafya kuanzia salamu hadi kwaheri. Watu wa ng'ambo, upande wa Uganda, nao walikuja, wengine na ndizi zao za kuuza wameziegemeza mlangoni, na afisa wa kizuizini aliwapungia mkono wapite kwa kuwa alijua wanakwenda kusoma. Zamu yake ikiisha alikuja yeye mwenyewe na kofia yake ya kazi. Malaba tulikutana katika chumba cha kulia cha wafanyakazi wa reli, mchana, vikombe vya chai vikiwa bado mezani. Likizo za shule zilipofika nilihudhuria kote kuwili.

Jina la Profesa alilipata kwa sababu ya matope. Ilikuwa mvua za masika, na mhadhiri wa ushairi tuliyemngoja Busia alikwama Bumala pamoja na gari lake. Habari alituletea Wandera, dereva wa lori la pamba, ambaye alimpita pale amekaa juu ya boneti, viatu mkononi. Stoo ilikuwa imejaa. Wengine walikuwa wametoka Namboboto kwa miguu tangu alfajiri, na manung'uniko yakaanza. Ndipo mtu huyu, ambaye mpaka siku hiyo tulimjua kama mfasiri tu, akasimama mbele ya ubao wake akasema, "Basi leo tusome matope."

Tulicheka. Yeye hakucheka. Alianza na udongo, kwa nini ule mweusi wa bondeni unalishika gurudumu na ule mwekundu wa mwinuko unalitelezesha tu. Kutoka hapo akaingia kwenye barabara yenyewe: nani waliichimba enzi za wakoloni, walichukuliwa vipi makwao, walilala wapi, walikula nini. Akamwomba mzee mmoja aimbe wimbo waliouimba wakivuta mawe. Mzee akaimba kwa sauti yake iliyochakaa, na wazee wengine watatu wakamwitikia kutoka juu ya magunia. Ikatokea kwamba wimbo wenyewe ulikuwa unamtukana msimamizi kwa lugha ambayo msimamizi hakuijua. Profesa akayaandika maneno yake ubaoni, akatuonyesha jinsi mapigo yalivyofuata kamba, pale inapovutwa na pale inapolegea. Halafu akamgeukia Wandera.

"Sasa dereva, ongeza mtu hapo. Wewe lori likizama unafanya nini?"

"Mimi nafunga cheni kwa tairi," Wandera akasema. "Lakini si kila mahali, Profesa. Kuna matope ya cheni na kuna matope ya kungoja."

Hapo ndipo jina lilipotoka. Wandera alilitamka bila kufikiri, watu wakalidaka, na mwenyewe akasita. Nilimwona kwa macho yangu akisita, chaki mkononi, kisha akaendelea na somo. Angelikataa pale pale mambo yetu yangekuwa mengine kabisa. Lakini tulikuwa tunampigia makofi, na nadhani yalikuwa matamu.

Hilo la "ongeza mtu" lilikuwa neno lake la kila siku. Hakupenda somo likae peke yake. Ukimletea historia ya vita vya zamani, alikuambia ongeza mtu, tafuta anayejua dawa walizojifunga. Ukimletea sheria ya ndoa, alitaka mtu wa nyimbo za harusi. Wahadhiri wengine walichukia jambo hilo. Mmoja alimwambia waziwazi kwamba anachanganya vitu visivyochanganyika, naye akamjibu kwa upole kwamba hapa kwetu vinaishi katika nyumba moja.

Na alikuwa na desturi ambayo sijaiona kwingine. Kila mhadhara ulijibiwa. Wiki moja kabla, alikwenda nyumbani kwa mtu wa hapa hapa ambaye kazi yake inahusu jambo hilo, akamwambia, Jumamosi mgeni atasema, akimaliza wewe utamjibu. Si kumwuliza maswali. Kumjibu, umesimama alipokuwa amesimama, kwa muda ule ule aliopewa yeye. Mhadhara usiojibiwa hakuuingiza katika daftari lake la mihadhara. Alisema haujafanyika bado.

Nakumbuka siku walipokuja wageni wawili Malaba, mmoja wa historia na mwingine wa kemia, aliyeazimwa kutoka idara nyingine, kuzungumzia pombe. Mjibu alikuwa Mama Amoit, mwanamke wa kabila la Wateso wa pale pale, mpikaji wa pombe ya wimbi, ile inayonywewa kwa mirija mirefu watu wamekizunguka chungu kimoja. Alikuja amefunga kitambaa kipya. Akawasalimu wenzake, "Yoga," wakaitikia, kisha akamkazia macho yule bwana wa kemia.

"Huyu baba amesema vizuri," akaanza. "Lakini anasema pombe inafura sababu ya vidudu. Mimi vidudu sijui. Mimi najua ukikaanga ile unga haraka, pombe inakuwa kali, inaumiza kichwa. Ukikaanga polepole mpaka inafanana na ngozi yangu hapa, watu wanakunywa na hawapigani. Sasa hivyo vidudu vyako, baba, vinajua kupigana?"

Chumba kizima tulivunjika mbavu. Yule wa kemia wala hakutabasamu. Alitoa kalamu akamwomba mama arudie, kuanzia kukaanga, na mama akarudia hatua kwa hatua, mpaka treni ya mizigo ikapiga honi na wafanyakazi wa reli wakatoka mbio. Profesa alikuwa amekaa nyuma kabisa, anatafuna njugu, uso umemchanua. Siku kama hizo hakuna aliyekuwa na furaha kumshinda.

Katika kutafsiri alikuwa na ujanja wake. Mgeni akisema jambo zuri, tafsiri ilikuwa ndefu kuliko hotuba, kwa sababu alitia mifano ya kwetu. Mgeni akipiga porojo, tafsiri ilikuwa fupi. Alikuja bwana mmoja aliyezungumza kwa dakika kumi bila kuvuta pumzi, miwani inapanda na kushuka, na alipotua Profesa akatugeukia akasema, "Anasema bado anafikiri." Bwana yule alishangaa kuona watu wanafurahi, akafurahi naye.

Lakini msinifanye niseme alikuwa malaika. Alituhimiza kusoma vitabu usiku na mchana, na vyake mwenyewe hakumwazima mtu hata kwa saa moja. Alivifunga katika karatasi za mifuko ya simenti, ukikigusa alikuangalia kama umegusa mtoto anayelala. Alihubiri kwamba mwanamke aseme, na miaka miwili ya kwanza waliojibu wote walikuwa wanaume, mpaka Mama Amoit alipomwuliza kama wanawake wa mpaka huu wamekatwa ndimi. Aliweza kumsikiliza mpinzani saa nzima kwa utulivu, lakini ukiingia ugomvi wa kweli, wa machozi na kelele, alichukua baiskeli yake akaenda. Na alituambia mara nyingi kwamba vyeo ni takataka, huku tukimwita Profesa anaitika. Ila mgeni wa chuoni akiwepo, alituomba kwa macho tusilitaje jina lile. Nilidhani ni adabu tu.

Basi, fomu. Nilimpa nikiwa nimeijaza kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni, nimeifunika kwa karatasi safi isichafuke. Aliisoma yote amesimama. Alipofika chini, panapoandikwa mhadhiri mwenye shahada aweke sahihi, akaikunja taratibu akaitia mfukoni mwa koti.

"Niachie niitazame, mwalimu," akasema.

Jumamosi iliyofuata nikamwuliza. Anaitazama. Iliyofuata tena, anaitazama. Ikafika mahali nikimwona tu anaanza kushughulika na kitambaa chake cha ubao, anakinyoosha mahali ambapo hapajakunjamana. Siku ya mwisho ya kupeleka fomu niliijua kama ninavyoijua siku ya kuzaliwa ya mama yangu. Ilikuja, ikapita. Mtihani ulikuwa mmoja kwa mwaka. Mwaka wangu ulikuwa umekwenda hivyo, mfukoni mwa mtu.

Jumamosi ile nilimfuata mbele ya watu wote, mhadhara haujaanza.

"Nipe fomu yangu."

Akaitoa. Ilikuwa vile vile nilivyompa, mahali pa sahihi peupe.

"Wewe unapenda tukae juu ya magunia tukupigie makofi," nikamwambia, na sauti yangu ilisikika mpaka kizuizini. "Mtu akitaka kutoka hapa aende mbele, unamfungia mlango. Ningekuwa mwanamume ungetia sahihi siku ile ile."

"Una haki ya kukasirika, mwalimu."

"Sitaki haki. Nataka sahihi."

"Sahihi yangu haitakusaidia," akasema, taratibu, anatazama chini.

Jamani, maneno yale yalinichoma. Nilielewa kwamba ananiona mjinga, kwamba hata akitia sahihi mara mia sitafika popote. Nikamwita mchoyo. Nikamwita mwongo. Nikamwambia elimu imemwozea kifuani. Safari hii hakuchukua baiskeli akaenda; alisimama akayapokea yote mpaka nikaishiwa. Nilirudi Bukhayo kwa miguu nikilia njia nzima kama mtoto, na sikuona haya, mtu mzima hulia akiumia.

Miezi miwili sikukanyaga stoo ile. Mama yangu, alipomaliza kuninunia, aliniuliza kama nimemwachia yule bwana kiti changu. Nikarudi, kwa jeuri tu, na sikumsalimu. Yeye alinisalimu kama kawaida.

Mwaka ukazunguka, na siku moja tukamwona anaingia uani kwetu, anasukuma baiskeli. Mama akamkaribisha chai. Alikaa ukingoni mwa kiti akasema, akimwambia mama ingawa maneno yalikuwa yangu, kwamba atakuja mhadhiri mwanamke kuzungumzia sheria ya urithi wa ardhi, na anataka mimi nijibu.

"Atajibu," mama akasema kabla sijafungua mdomo.

Nilijibu. Nilieleza jinsi baba alipofariki jamaa zake walivyokuja na kamba kupima shamba letu wakati matanga hayajaisha, na jinsi mama alivyokwenda kukaa katikati ya shamba na kigoda chake, akapikia hapo hapo, siku nne, mpaka wakaona aibu. Nilisema hiyo ndiyo sheria ninayoijua mimi, na nikaonyesha wapi ile ya kitabuni ingetusaidia na wapi ingetuumiza. Nilipomaliza, yule mhadhiri alikuja moja kwa moja akaniuliza kwa nini siko chuoni. Fomu mpya nilikuwa nayo kwenye mkoba, nilitembea nayo kila mahali. Aliitia sahihi pale pale juu ya boneti ya Landrova, kwa muda usiotosha kumenya ndizi. Upepo ulikuwa unavuma, na aliyeishika karatasi isipeperuke alikuwa Profesa. Mhadhiri akamshukuru akasema, "Huyu mratibu wenu anafanya kazi kubwa." Neno lile la mratibu lilinipita tu sikioni. Nilikuwa namtazama Profesa kwa ushindi, nione kama ameona haya.

Mtihani ulifanyiwa Kakamega. Nililala kwa shangazi yangu, asubuhi nikaingia ukumbini nikatafuta namba yangu. Safu ya mbele yangu, kidogo kushoto, nikaliona koti la sufu. Damu ikanipanda. Nikafikiri, mpaka huku amenifuata kunisimamia! Kisha akavuta kiti akakaa. Mezani pake palikuwa na namba, kama mezani pangu. Akapanga penseli mbili sambamba, akafuta mikono kwenye suruali.

Msimamizi alipopita akamwambia penseli haziruhusiwi, ni kalamu ya wino tu. Hakuwa nayo. Akageuka polepole kutafuta wa kumwomba, akaniona. Sijui niwaeleze vipi uso wake ulivyokuwa. Mimi nilikuwa na kalamu mbili. Nakiri nilisita. Nilifikiria mwaka wangu mzima, na miguu iliyonirudisha Bukhayo siku ile. Halafu nikainyoosha kalamu, akaipokea kwa mikono miwili.

Tulipotoka tulikaa kwenye ngazi za ukumbi. Mimi ndiye niliyeanza.

"Mara ngapi?"

"Hii ya tatu."

"Na huo uprofesa?"

"Mlinipa nyinyi."

"Wewe ulipokea."

"Nilipokea," akasema.

Akanieleza. Alikuwa karani wa kupima pamba, akisoma vitabu vilivyoletwa katika sanduku la maktaba ya kuzunguka, kimoja baada ya kingine mpaka sanduku likaisha. Chuo kikamwajiri awe mratibu wa mihadhara: kutafuta ukumbi, kufagia, kubandika matangazo, kutafsiri. Wakubwa walijua yeye ni nani, hakumdanganya mtu huko. Ni sisi tu tuliodanganyika, na yeye akatuacha. Fomu yangu ilitaka mtu mwenye shahada, naye hakuwa nayo.

"Si ungempa mgeni yeyote aitie sahihi?"

"Ungeniuliza kwa nini mgeni, kwa nini si mimi. Ningekujibu nini?"

"Ungenijibu ukweli! Mwaka wangu ule, bwana. Mwaka mzima."

"Najua. Niliona haya, mwalimu, nikaiona haya yangu kubwa kuliko mwaka wako. Yule mama wa sheria nilimwandikia barua tatu ili aje, kwa sababu nilijua hacheleweshi sahihi."

Kisha, mtu yule, hata pale alikuwa yule yule, akaniuliza swali la tatu nimelijibu vipi. Nikamweleza. Alisikiliza ameinamisha kichwa, anatikisa kidogo, na nilipomaliza akasema, "Basi mimi nimelijibu vibaya." Nilimpa yai moja la kuchemsha katika mawili aliyonifungia shangazi, lakini sikumsamehe. Nilimwonea huruma tu, na kuona huruma si kusamehe.

Barua yangu ilikuja kwa posta ya shule. Nimepita. Mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakafikiri kuna harusi. Jumamosi iliyofuata Profesa alinipa mkono mbele ya ubao wake akaniambia, "Hongera, dada," na kabla ya hapo hajawahi kuniita chochote ila mwalimu. Barua yake hakuitaja, na sikuhitaji kumwuliza ilisemaje. Siri yake pia sikumwambia mtu, hata mama. Si kwa upendo, naomba mnielewe. Nilitaka aseme mwenyewe, kwa mdomo wake.

Siku ya kuondoka walinisindikiza Malaba kupanda treni iliyokuwa inatoka Kampala. Ilikuwa mchana mweupe, jukwaa limejaa watu na mizigo yao. Mama yangu alikuwepo, Wandera aliyetuleta kwa lori, Mama Amoit na njugu zake za kunifungia, wafanyakazi wa reli, yule afisa wa kizuizini, na watu kadhaa wa Busia waliobebwa nyuma ya lori. Profesa alisimama pembeni. Nikapanda, nikapata kiti cha dirishani, nikatoa kichwa nje.

"Mwalimu, ukifika huko usianze kuringa!" Wandera akaniita. "Profesa hapa alisoma huko huko na hajatusahau. Ama siyo, Profesa?"

Wote wakamgeukia. Nilifikiri atatabasamu, maana ndivyo alivyozoea kujiponya. Alitazama mikono yake. Kisha akasema kwa sauti kubwa kuliko ile yake ya siku zote:

"Hapana. Mimi sikusoma huko. Sina shahada, na mimi si profesa, ni mratibu tu. Nilifanya mtihani pamoja na huyu dada. Yeye amepita, mimi nimeanguka. Na ile fomu yake ya kwanza niliikalia kwa sababu sikuwa na haki ya kuitia sahihi, na niliogopa mkijua."

Walicheka! Wandera alijipiga paja. "Profesa naye kwa utani!" Afisa wa kizuizini alicheka mpaka akavua kofia. Hata mama yangu alicheka, mkono mdomoni. Naye alisimama pale katikati ya kicheko, maneno aliyoyabeba miaka yote ameyatua na hakuna aliyeyaokota. Wakaniangalia juu dirishani nicheke nao.

Sikucheka. Nilimtazama yeye tu. Kicheko kikaanza kupungua, huyu akaacha, yule akaacha, mpaka aliyebaki akicheka alikuwa mfanyakazi mmoja wa reli nyuma, naye akanyamaza. Wandera akamwangalia Profesa, akaniangalia mimi, akamwangalia tena. Hapo, wallahi, nilimsamehe, na nilitaka kushuka kwenye treni ile nikasimame naye.

Filimbi ikalia. Mabehewa yakavutana.

"Umeanguka mara ngapi?" Mama Amoit akamwuliza.

"Mara tatu, mama."

"Haya." Akajifunga leso yake vizuri kiunoni. "Sasa mimi nauliza. Jumatano tunasoma ama hatusomi?"

Profesa akafungua mdomo kujibu. Treni ilikuwa imeanza kwenda, nao wote wamesimama wanamngoja.

"Mnasoma, mama! Saa nane!" nikapaza sauti mimi kutoka dirishani, kwa sababu yeye alikuwa analia.